Mwizi Ni Sultani, Nashukiwa Mimi

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Pweza wa Bi Saburi ametoweka tena kwenye kamba ya kuanikia. Wa tatu huyo! Bi Saburi ni jirani yangu, na ndiye mama yake Shani, ambaye Ijumaa baba mdogo Hemedi anampelekea posa yangu. Leo nimempa shikamoo, marahaba ikatoka nusu. Akaniuliza, mbele ya watu, siku hizi kitoweo nanunua wapi.

Mwizi namjua. Ni Sultani, paka wangu. Nikasema. Akanijibu kwamba sina haya, kumsingizia kiumbe wa Mungu mwenye miguu mitatu, ambaye hata kizingiti hakivuki. Kizingiti! Sultani anapanda mpera kunishinda mimi.

Jioni nimemwaga majivu chini ya kamba. Nyayo zitasema. Mpango hauna dosari.

Jumanne, 3 Septemba
Pweza hayupo. Sultani kapita juu, kwenye tawi la mpera. Majivuni kuna nyayo zangu tu, za kwenda kumwaga, za kurudi, na za kwenda kuhakikisha. Bi Saburi amezipima kwa fimbo ya ufagio.

Jumatano, 4 Septemba
Maonyesho. Nimemwalika Bi Saburi na mashoga zake wawili wamwone Sultani akipanda mpera kufuata kipande cha samaki changu. Sultani akaona mapaja ya Bi Saburi, akajilaza hapo, kigutu juu. Wakamlisha changu kwa mkono. Bi Saburi alitokwa na machozi kwa mateso anayoyapata paka huyo. Mateso gani, na kitambi kile?

Nakiri, nami nilimhurumia alipokanyagwa na pikipiki. Nilimbeba hadi kwenye sahani yake, akanikwaruza. Kisha siku moja nikamkuta juu ya bati anafukuza mjusi, mkia wima. Huruma ikaniisha siku ile. Nampenda sana mshenzi huyu.

Alhamisi, 5 Septemba
Baada ya sala ya alfajiri nilijificha nyuma ya jiko lao. Sultani akaja, akapanda, akashuka na pweza. Nikampokonya, iwe ushahidi. Sultani akatoweka. Bi Saburi akatokea. Mimi huyo, pweza mkononi.

Akaniambia nikajieleze kwa mwenyekiti wa kijiji, na posa nisahau. Nilitamani kulia. Ndipo Shani akatoka anacheka. Akamwambia mama yake kwamba kila asubuhi humwona Sultani akiiba, na hajawahi kuona kiumbe anayefurahia maisha vile. Akasema hakumwambia mtu ili aone mimi nitahangaika mpaka wapi.

Sultani alikuwa tayari amerudi juu ya mpera. Bi Saburi alimtazama. Kisha akavua kandambili, akamrushia. Akamkosa. Akamwita mwizi mkubwa, kama anavyowaita paka wote wa mtaa. Nilifurahi mpaka nikasahau kurudisha pweza.

Ijumaa, 6 Septemba
Posa imepelekwa. Bi Saburi anafikiria, jibu wiki ijayo. Sultani amerushiwa kandambili mbili leo na ana raha tele.

Wiki nzima ni ndefu. Nimewaza. Sultani alipohurumiwa, alipakatwa na kulishwa changu. Basi kesho napita mlangoni kwa Bi Saburi nachechemea, bandeji mguuni. Nimefanya mazoezi uani mchana kutwa.

Shani ameniona. Ametuma meseji kuuliza mbona nachechemea kwa zamu, mara kushoto, mara kulia. Nimemjibu kwamba inauma yote miwili.