Bibi wa Kirumi wa Mzee Njoroge

Lusekelo aliposikia kwamba Mzee Njoroge amenunua nyumba Stanmore, London, na kuta zake bado tupu, moyo ulimjaa huruma. Mtu mzima, mwenye kampuni ya kupeleka manesi mahospitalini, aishi kama yuko zahanati! Huruma hiyo ilimpeleka mbio hadi Walthamstow kwa mchumba wake, Anastasia, aliyehudumia wazee mchana na kuchora jioni.

"Nataka Mrumi," alisema. "Wa kike. Benchi la marumaru, bahari nyuma, na uvivu mwingi."

Anastasia aliijua kazi hiyo. Wachoraji wa enzi ya Malkia Victoria waliwachukua mabinti wa papa hapa London, wakawafunga mashuka, wakawaita Warumi. Matajiri wenye viwanda walinunua kwa pupa, kwa kuwa mwanamke nusu uchi akishaitwa historia, hata mchungaji anaruhusiwa kumtazama. Ulaghai wenye heshima namna hiyo, aliwaza Lusekelo, ni dhambi kuuacha ufe.

Basi Anastasia akajifunga shuka, Lusekelo akampiga picha kwa simu, naye akajichora kutoka kwenye simu, ngozi akaigeuza nyeupe.

"Na tukishikwa?"

"Unataka mahari ifike Moshi au hutaki?"

Mjomba wa Anastasia, huko Moshi, alikuwa ametoa muda hadi mwisho wa Agosti mahari iwe imefika. Baada ya hapo kulikuwa na mfamasia wa Queensbury aliyesubiri zamu yake ya kuposa, bwana mwenye gari na maneno machache. Lusekelo aliipaka picha chai ya rangi ili izeeke, akaenda Stanmore.

Mzee Njoroge alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Daktari," alisema, maana Lusekelo alikuwa amejitunuku udaktari wa sanaa ndani ya treni, "hii ni original kweli?"

"Mzee, hii mnadani haipungui pauni elfu kumi. Kwako wewe, mtu wa nyumbani, elfu tatu."

"Na unaweza kusema hivyo mbele ya watu?"

"Hata madhabahuni."

Njoroge alilipa taslimu bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote mwenye akili. Kisha akamwalika Jumamosi kwenye harambee ya kanisa, awe mgeni wa heshima, aje na mchumba.

Lusekelo alikwenda na Anastasia, amevaa suti, pauni zote zikiwa mfukoni, kwa kuwa benki huuliza maswali. Keki ya Mama Wambui ilipigwa mnada kwa bei ya kiti cha ndege. Halafu Njoroge akafunua picha.

"Hii naitoa kwa Bwana! Daktari, waambie thamani yake."

Angesema nini? "Elfu kumi," alisema.

"Nani ataanza?" Kina mama walitazama mabega ya yule Mrumi, wakatazama mikoba yao. "Basi Daktari atufungulie. Elfu tatu tu! Anayejua thamani ataacha kitu cha elfu kumi kwa elfu tatu?"

Vigelegele vikapasuka. Kina mama wawili wakamshika mikono, wakamchezesha hadi mezani, naye akahesabu noti huku akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

"Nimekuwa nesi miaka ishirini na sita," Njoroge alimnong'oneza. "Sisi Wakenya tunachanjwa kifua kikuu mkono wa kushoto, hapa chini ya kiwiko. Huyu Mrumi wako ana kovu begani, kulia. My friend, huyu alichanjwa Tanzania. Na uso wake ni wa mchumba wako, huyu mwenye rangi ya kuchorea kwenye kucha."

Akamgeukia Anastasia, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa aibu. "Lakini wewe una mkono wa kuchora. Hata kovu hukuliacha. Nyumba yangu ina kuta sita tupu; nichoree picha, na nitakulipa wewe, si huyu. Uandike jina lako."

Anastasia akainua kichwa. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, na machozi yalimlenga.

Lusekelo alichangamka upesi. "Umeona, mpenzi? Mahari imepatikana!"

"Hela yangu hiyo, Lusekelo," alisema Anastasia, akichukua mkoba wake. "Mimi sijitolei mahari mwenyewe."

Akamfuata mzee kwenda kupima kuta. Agosti ilikuwa imebakiza siku nne.