Mrithi wa Kusanifiwa

Jumatatu, 4 Agosti

Umeneja wa ushirika nimeupoteza Ijumaa iliyopita, saa tisa na dakika kumi alasiri. Niliangalia saa. Kwa miaka kumi na tisa nimeuhesabu kuwa wangu. Mzee Teodoro, meneja anayestaafu, alisimama mbele yetu, akakohoa, nami nikafunga kifungo cha koti. Badala ya kutaja jina langu akasema eti siku hizi mrithi hateuliwi. Anasanifiwa!

Kama kabati.

Nilianza kazi nikiwa na umri wa miaka kumi na minne, nikibeba mgongoni majani mabichi ya yerba, chai yetu ya huku. Leo ndimi bwana wa tanuri la kukaushia. Majani ya wakulima mia mbili na sita yanapita kwangu ndipo yawe kinywaji. Hakuna aliyenifundisha, nami sijamfundisha mtu. Ndiyo siri ya mafanikio.

Kaletwa mtaalamu kutoka mjini Posadas, Bi Pilar Ocantos, na sanduku la karatasi za kunata. Hatua tano: waelewe watu, litaje tatizo, mwaga mawazo, tengeneza mfano, ujaribu. Wagombea wawili: mimi na Nélida Holowaty wa mizani. Wa mizani! Kazi yake anafanyiwa na mshale.

Sijakaa kitako tangu asubuhi.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya kuwaelewa watu. Tumekaa duara, kila mtu aeleze anahitaji meneja wa namna gani. Nikaona upenyo. Nikamwambia Nélida, kwa upole wote, kwamba hakuna anayejua kutia yerba kama yeye, basi atuhudumie. Hesabu nyepesi: wafanyakazi ishirini na wawili, kibuyu kimoja cha kunywea, mrija mmoja, na kila mtu kwa zamu yake hutiliwa upya. Mtiaji hapati hata nafasi ya kufungua mdomo.

Na kweli hakuufungua. Tatizo, kila anayepokea kibuyu humgeukia anayemtilia, na akishavuta mara mbili moyo nao unafunguka. Ramona wa magunia alimweleza mpaka habari za goti lake. Mimi nilihutubia dakika arobaini mfululizo, na kibuyu kikanipita mara tatu. Nilipolalamika Ramona akasema, "Kaka Evaristo, shusha pumzi kwanza. Huo mrija utaupitishia wapi?"

Wakacheka wote. Nimewahesabu.

Jumatano, 6 Agosti

Kumwaga mawazo. Kila mtu karatasi tatu ukutani. Ishirini na wawili mara tatu, sitini na sita. Nikafika alfajiri, baridi ya kukata masikio, nikabandika hamsini na mbili za ziada, zote nimeziandika kwa mkono wa kushoto. "Bila tanuri hakuna ushirika." "Evaristo akiugua tumekwisha." Hiyo ya pili mara thelathini na moja. Safi kabisa!

Bi Pilar alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Akasema hajawahi kuona tatizo likijitaja waziwazi namna hii. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akamuuliza mzee Teodoro nani hushika tanuri nisipokuwepo. Mzee akasema hakuna. Nami nikasema hakuna, kwa sauti kubwa kuliko yake.

Akaandika kwa wino mwekundu, akapigia mistari miwili: hatari ya kwanza ya ushirika.

Hatari? Mimi nilikuwa naonyesha hazina!

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya jaribio. Mimi kiti cha meneja asubuhi, Nélida mchana. Kila mmoja aache kazi yake mikononi mwa wengine. Nélida kabandika karatasi penye mizani, yenye maelezo na michoro. Mimi sikuacha kitu. Daftari la joto la tanuri nililitia kifuani, ndani ya shati. Tanuri liyumbe kidogo tu, wajue thamani yangu. Nilikadiria hasara ya magunia matano, labda sita.

Kiti kizuri. Kinazunguka. Nikasaini barua kumi na moja. Saa nne moshi ukaingia ofisini. Nikafunga dirisha, nikangoja waje kuniita kwa heshima. Hawakuja. Walikuwa wanabeba ndoo za maji.

Kilo elfu tatu na mia mbili, majivu.

Mzee Teodoro alikuja na masizi kwenye nyusi, akauliza daftari liko wapi. Nikalitoa kifuani, bado lina joto langu. Alilishika, akaniangalia, akatoka. Heri angetukana.

Mchana kiti kikawa cha Nélida. Mizani haikujua kwamba hayupo. Ndipo Bi Pilar akatangaza kwamba kilichopimwa si kiti ulichokalia, ni kile ulichokiacha. Eti alieleza Jumatatu! Jumatatu nilikuwa napima dirisha la ofisi kwa ajili ya pazia.

Ijumaa, 8 Agosti

Kura. Nélida ishirini na moja, mimi mbili. Bi Pilar alihesabu mara tatu, kwa sababu watu ni ishirini na wawili. Mzee Teodoro akasema aache tu, anajua hesabu za nani hizo.

Jumatatu, 11 Agosti

Meneja mpya kaja tanurini na kibuyu, kanitilia wa kwanza. Kanipa fomu yenye swali moja: nani atakurithi kwenye tanuri? Anasema nikimfundisha mtu mpaka Novemba, kiti cha naibu kiko wazi na anakitaka kiwe changu. "Kaka Evaristo, nakuhitaji kule juu. Ila huku chini pasiungue."

Mtego! Nimetembea kutoka tanuri hadi lango mara kumi na nne. Nimfundishe mtu kazi yangu, kisha niipe mgongo? Mzee Teodoro alikiacha kiti chake, yuko wapi leo? Anafuga kuku.

Nimeijaza. Mrithi: Evaristo Benegas. Sababu: anaijua kazi.

Nyuma ya fomu nimeandika hivi:

Meneja Nélida, mimi ni mtu wa hesabu. Kwa siku, tanuri muda wa saa kumi na mbili, unaibu muda wa saa kumi na mbili, jumla ishirini na nne, hakuna kinachobaki wala kinachopungua. Usingizi ni shauri langu. Unanipa vyote viwili au hunipi? Sitaki jibu la "tutazungumza", sitaki karatasi za kunata. Ndiyo au hapana, kwa maandishi, kabla ya Jumatano saa sita kamili mchana. Saa sita na dakika moja, ukimya wako nitauhesabu kuwa ndiyo.