Dozi ya Sururu

Zamoyoni alikuwa na shimo la dhahabu porini Bulyanhulu, mwaka ule wa sabini na sita, na hakuwa na wa kulichimba. Mshipa wa dhahabu aliuona kwa macho yake. Lakini wachimbaji wanataka kulishwa, naye mwenyewe alikula kwa kudra, na sururu aliiogopa kama ukoma.

Siku moja yuko Shinyanga mjini, kajibanza kwenye foleni ya zahanati akitafuta wa kumkopa nauli, akasikia mganga akimkaripia mzee Gelasius, mwenye duka la vitenge.

"Nyama ya mafuta kila siku, bia, chai sukari tupu, na kutwa umekalia kiti. Presha juu, kisukari kinanyemelea, magoti yamekwisha. Unataka kuacha yatima?"

Gelasius alitoka analia kweli. Zamoyoni akamshika mkono.

"Shikamoo mzee. Maradhi hayo nayatibu. Ila kambi yangu iko mbali, na napokea watu wazito tu."

"Wazito kwa cheo?"

"Kwa mzani, mzee."

Wiki haikuisha, lori likamshusha Gelasius porini pamoja na Mama Salvina, muuza pombe ambaye kuinama kufunga kiatu kulimtoa pumzi. Tiba ilikuwa hivi: alfajiri kikombe cha maji ya magome, kisha kushuka shimoni na sururu mpaka jua kali. Mlo ni mchicha na ugali wa mtama kiasi cha ngumi. Vya haramu walivyoletewa na ndugu, mbuzi wa kukaanga, maandazi, bia, vilikabidhiwa kwa daktari Zamoyoni ili viteketezwe. Na daktari, mtu wa ahadi, aliviteketeza mwenyewe kivulini, kutwa nzima. Tena walimlipa.

Uongo wa Zamoyoni ulikuwa na ubaya mmoja tu: ulikuwa kweli. Miezi ilivyokwenda, Gelasius akawa anapanda kamba kama ngedere. Mama Salvina akalala bila kukoroma. Daktari ndiye aliyeanza kukoroma, na shati likamkatalia vifungo.

Siku moja mlio wa sururu ukabadilika. Zamoyoni akajikokota hadi mdomoni mwa shimo, akaingiza miguu. Tumbo likagoma kupita. Moyo ukamwenda mbio, akarudi kukaa akitiririka jasho.

"Mmeona nini huko?"

"Mawe tu, daktari," Mama Salvina akajibu kwa utulivu.

Jioni wakatoka na magunia mgongoni. "Tumepona," Gelasius akasema. "Tunaomba haya mawe, tukafanyie mazoezi nyumbani, tumbo lisirudi."

Sifa zilimlevya Zamoyoni. "Chukueni. Ila mawe ya kambi yana bei yake."

Wakalipa hapo hapo, wakaondoka. Ndipo akili ikamrudia: tangu lini mfanyabiashara wa Shinyanga akalipa bila kuomba apunguziwe? Akatazama pale magunia yalipokuwa yamewekwa. Vumbi lilimeremeta.

Akatimua mbio. Hakufika hata mti wa kwanza, akaanguka akihema, mkono kifuani.

Mama Salvina akarudi, akamkalisha, akampepea kwa khanga.

"Bhebhe, wewe, pumua kwanza. Nakuhurumia kweli, mwanangu."

"Mshipa wangu..."

"Tumeubeba wote. Shimo tumekuachia." Akamlazia sururu mapajani. "Anza taratibu, na nyama ya mafuta uache."

Kisha akajitwika gunia lake, akapanda kilima na Gelasius, wanapiga soga, hawatweti.