Mama wa Kikorea Alisema Usiende

Jumatatu, tarehe 4

Kwanza salamu, maana mimi bila salamu kalamu haitembei. Daftari, hujambo. Sisi hapa nyumbani wazima kiasi chetu. Mume wangu mzima, yuko kwenye kiti chake, amefumba macho anasema anasikiliza. Mama mkwe mzima, masikio tu ndiyo yamestaafu kabla yake. Binti yangu mkubwa mzima, anafanya kazi duka la dawa. Kitindamimba mzima, yuko bweni, anakumbuka nyumbani akiishiwa sabuni. Paka naye mzima, kanenepa kwa sababu nisizozijua. Mimi mwenyewe mzima isipokuwa miguu. Napiga pasi nguo za watu, nimesimama kutwa. Mashati yao hayana mikunjo, yote imehamia usoni kwangu.

Daftari hili kanipa binti mkubwa. Kasema, mama, yanayokukera andika humu, usinipigie simu nikiwa na mgonjwa dirishani. Haya, naandika. Linalonikera ni yeye.

Wakubwa zake wanataka kumpeleka mji mwingine akasimamie duka jipya. Mbali huko, basi linaondoka alfajiri, unafika jua limezama. Atoe jibu Jumamosi. Kaniambia huku anavua viatu, kama mtu anayesema kesho huenda ikanyesha. Nikaunguza kola ya shati la mwalimu.

Lakini sikosi la kufanya. Kila jioni natazama tamthilia: ya Kituruki, ya Kihindi, ya Kifilipino, ya Kimeksiko, zote zimetiwa sauti ya Kiswahili. Mama wa humo hawashindwi. Katika ile ya Kituruki, mama akitaka mtoto asiondoke, anazimia. Leo binti alipoingia, nikazimia. Nilichagua kochi. Mume wangu akainua miguu yangu, akakaa, akairudisha mapajani pake, akaendelea na taarifa ya habari. Binti akaleta kipimo. Akasema presha yangu ni ya msichana anayekwenda harusini. Kisha akatoka, akaenda kwa jirani.

Jumanne, tarehe 5

Huyo jirani lazima nimwandike. Fundi cherehani, tumegawana ukuta. Tunamwita Mama Skrini tangu aliponunua televisheni pana kama mlango. Tangu siku hiyo, jioni ikifika mtaa wote umehamia kwake, na binti yangu yumo. Akitoka kazini anapitia huko kwanza. Kwangu anakuja kulala tu. Nikimuuliza, anasema kule picha inaonekana. Kwani kwangu inajificha? Ni ndogo tu.

Hesabu yangu ni hii. Mtoto akizoea kochi la mama yake, mguu unakuwa mzito. Akizoea kochi la watu, ameshaanza safari.

Katika ya Kimeksiko, shangazi mwenye wivu aliharibu karamu ya mwenzake kwa kukata umeme. Umeme nauogopa. Nikaazima ngazi ya fundi rangi, nikapanda na blanketi lililolowa, nikalitupia dishi la Mama Skrini kama naanika. Nikashuka, magoti yanalalamika. Nikakaa kungoja kelele upande wa pili. Kelele zikatoka upande wangu. Mume wangu, katikati ya mpira, anauliza nani kazima dunia. Dishi nililofunika ni letu. La Mama Skrini liko nyuma.

Mama Skrini akachungulia dirishani, akasema kwa ule upole wake unaoudhi: jirani, mlete mzee huku amalizie mpira. Mzee akaenda. Na kiti chake akabeba.

Jumatano, tarehe 6

Nimekwenda kwa muuza diski. Nikamwambia nataka kitu ambacho kwa Mama Skrini hakijafika. Kanipa ya Kikorea, mpya, mama na binti yake juu ya jalada. Akanionya: mama, hii haijatiwa sauti, ni Kikorea kitupu, hata maandishi ya chini ni Kikorea. Nikamwambia asijali, kilio hakina Kikorea.

Nikatangaza uani, kwa sauti ya kupita ukutani, kwamba leo kwangu kuna tamthilia isiyooneshwa popote, na nitatafsiri mwenyewe. Mama Skrini akauliza Kikorea nimejifunza lini. Nikamjibu, kwenye pasi. Miaka yote hii natazama, unadhani natazama nywele zao?

Wakaja. Binti akaja, akakaa karibu yangu, kichwa begani.

Nikatafsiri. Yule mama ni mjane mwenye duka la vitambaa, na binti anataka kwenda mji mkuu. Hayo yalionekana yenyewe. Maneno nikatia yangu. Mama akafungua mdomo, nikasema: "Mwanangu, mji wa mbali hauna mtu wa kukuuliza umekula nini." Binti wa Kikorea akajibu kirefu sana, mikono inapaa. Nikasema, amekubali.

Wanawake wawili wakajifuta macho. Nami nikajifuta, kwa maneno yangu mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 7

Nimechoka. Kutafsiri ni kazi kuliko pasi. Wao wanaongea wote kwa pamoja, mimi nina mdomo mmoja. Jana nilisema yule kijana mrefu ni kaka yake binti. Leo kambusu. Mama Skrini, aliyekuja na kigoda chake mwenyewe, akanigeukia taratibu kama feni ya zamani. "Jirani, kaka huyu?" Nikasema ni kaka wa mtaani. Akasema mtaa huo una baraka, naye atahamia. Watu wakacheka mpaka kipande kizima kikatupita.

Akatokea hakimu. Akazungumza, akazungumza, ndevu zinatingishika. Nikafupisha: amekataa. Mama Skrini akauliza, yote hayo amekataa tu? Nikamwambia Wakorea ni watu wa heshima, hawakatai haraka.

Lakini binti yupo, jioni ya pili sasa, na ile skrini pana inatazamana na ukuta. Kaniuliza kitu kimoja tu: mama, mbona huyu mama kila akifungua mdomo anasema neno lilelile? Nikasema, ndiye mhusika mkuu.

Ijumaa, tarehe 8

Leo kimenuka.

Picha ikafunguka kwenye kituo cha basi. Binti wa Kikorea kabeba sanduku. Na mimi jana nilishawaambia wote kwamba ameamua kubaki. Mama Skrini akauliza anakwenda wapi. Dukani, nikasema. Na sanduku? Duka la jumla.

Yule mama akatoa furushi. Akamfunga mtoto skafu shingoni, akasema maneno machache huku anatabasamu. Binti yangu akauliza, hapo anasemaje, mama? Nikasema, anasema usiende.

Sasa mama mkwe. Yeye hasikii, kwa hiyo siku zote hizi tafsiri yangu ilimpita pembeni. Alikuwa anatazama nyuso tu. Akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia: "Mama mzuri huyu. Moyo unamchomoka, na bado anamfunga mtoto shingo asipate baridi. Tangu siku ya kwanza anamwambia nenda."

Hata Mama Skrini hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Akanyanyua kigoda chake, akasema ana nguo za kukata. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, kila mtu ghafla ana shughuli.

Binti akazima televisheni. Akaniuliza, aliyekuwa anasema usiende ni nani, Mkorea au wewe? Nikasema, tulisaidiana. Akacheka kidogo, halafu akalia. Akasema wiki nzima alikuwa anangoja nimuulize: mwanangu, wewe unataka nini? Mama Skrini alimuuliza siku ile ile ya kwanza, sindano mdomoni. Binti akasema anataka kwenda. Anaogopa, lakini anataka. Na hawezi kuondoka akimwacha mama anayezimia juu ya makochi.

Nilitafuta neno la kwenye tamthilia. Halikuja. Nikasema, sitaki uende. Kisha nikasema, nenda. Yote mawili ni yangu, hapo hakuna Mkorea.

Mume wangu akafumbua macho, akasema yeye alijua tangu Jumatatu. Basi si angesema.

Jumamosi, tarehe 9

Amekubali kazi. Wakubwa zake wamefurahi, wanataka aondoke wiki ijayo. Nimesema hewala. Nimeisema mara nyingi, labda itazoea mdomo.

Mama Skrini kamshonea koti jeupe la kazini bila kuombwa. Nikalipiga pasi. Tulisimama mlangoni tukilitazama. Mwishowe akasema watu wanauliza ile ya Kikorea itaendelea lini, kwa tafsiri yangu. Ile ya kweli wanahofia haitakuwa na utamu.

Jumapili, tarehe 17

Kaondoka Alhamisi. Kituoni sikuzimia. Nilimfunga skafu ingawa jua lilikuwa kali, akavumilia. Nikarudi nyumbani nikapiga pasi blauzi aliyoiacha. Haikuwa hata na mikunjo.

Nimekuwa mtu mwingine sasa. Mtoto akikua ni wa kuachiwa. Nimelielewa hilo vizuri, nimemweleza mpaka paka.

Juzi muuza diski kanipa ya Kichina, ya majumba ya wafalme. Mle mna malkia, mwanawe kapelekwa mpakani kulinda ngome. Malkia hakulia, hakumzuia. Mama mwenye busara. Alifungasha jumba zima, vyombo, wajakazi, na mkwewe mzee juu ya machela, akamfuata. Hapo sikutafsiri chochote, niliyaona kwa macho yangu. Nikakaa nikawaza. Binti yangu alisema yeye anataka kwenda. Hakusema sisi hatuwezi kwenda.

Asubuhi hii nimemtumia ujumbe. Naunakili hapa:

"Mwanangu mpenzi, hatujambo sote. Bibi yako anakusalimu, yuko juu ya kitanda chake, na kitanda kiko uani. Paka anakusalimu, yumo kwenye kikapu. Mdogo wako anakusalimu, akifunga shule atatukuta hukohuko. Baba yako anakusalimu, bado sijamwambia. Nataka kujua mlango wa nyumba yako una upana gani, na mashati ya watu wa huko nani anayapiga pasi. Nijibu upesi, mwanangu, mwenye lori ameshawasha injini."