Malaika wa Chumba cha Juu

Jumatatu, 4 Machi

Maharusi wameondoka asubuhi. Nawaita maharusi kwa sababu ndivyo walivyojiita wenyewe. Kwa muda wote waliokaa chumba changu cha juu sikuwasikia wakinong'onezana mapenzi. Niliwasikia wakigombania rimoti.

Nimepanda kusafisha. Loo! Nimeshuka. Nimekunywa maji. Nimepanda tena.

Taulo zangu nyeupe zimejaa madoa meusi ya rangi ya nywele. Pazia lina tundu la pasi. Pasi nzima, mpaka ncha yake! Uvunguni mwa kitanda kuna sahani, moja imeota ukungu. Na hapo sijataja ya juzi, walipoacha bomba la bafu wazi wakaenda zao matembezi. Maji yakapenya darini, yakashukia meza yangu ya kazi huku chini, juu ya miwani ya wateja. Fundi miwani mzima nimekesha nikipuliza fremu kwa mdomo.

Nimechukua simu niandike ukweli. Kwenye huu mtandao wa kupangisha vyumba, mwenyeji humwandikia mgeni maoni, mgeni naye humwandikia mwenyeji, kisha yote mawili hufunguliwa pamoja, dunia nzima isome. Nimeandika: "Wachafu. Wazembe. Msiwapokee." Kidole kikawa juu ya kitufe.

Ujumbe wa bwana harusi ukaingia. Anasema mzee tusifiane tu, kila mtu apate nyota zake tano, maisha yaendelee.

Nimefuta. Sijatuma kitu. Nafikiri.

Jumanne, 5 Machi

Ukweli lazima usemwe, angalau humu ndani. Nyota zangu ni nne na kidogo. Za jirani yangu wa ng'ambo ya barabara zinakaribia tano. Huyu ni mjane, mshonaji, ana chumba kimoja tu cha uani. Kimoja! Cherehani inanguruma upande wa pili wa ukuta kutwa nzima! Na bado wageni wanamwandikia kwamba walijisikia kwa mama yao. Amepewa beji ya dhahabu ya Mwenyeji Bora. Mimi nina vyumba viwili na ngazi yenye zulia. Sina beji.

Dada yangu mkubwa amepiga simu. Nusu ya nyumba hii ni yake, ndiyo maana hupiga simu. Nimemweleza habari za maharusi. Amesema andika kweli, mdogo wangu, usisafishie watu uchafu kwa ulimi. Nimemwambia nitafikiri. Amesema wewe ukianza kufikiri tu, ndipo mambo huharibika.

Nimekasirika. Kwa hasira nimeandika: "Malaika! Chumba wamekiacha kama walivyokikuta. Ningewapokea tena hata kesho." Nyota tano.

Yao yamekuja palepale. "Mzee wetu mkarimu. Nyumba kama ikulu." Nyota tano.

Ikulu! Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikiwa nimekaa. Taulo nimezitupa.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Bwana harusi amepiga. Fungate bado linaendelea, wako kwa binamu yao, wanataka kurudi mwisho wa wiki. Amenikumbusha kwamba nimesema ningewapokea hata kesho.

Nimemwambia vyumba vimejaa. Akauliza kama najua mahali pengine hapohapo mtaani, maana wameupenda mtaa.

Sijui nini kilinipata. Najua. Nimemwambia yupo mama mmoja mshonaji, mtu wa watu, chumba chake kiko uani, kimya kabisa. Nikampa na namba yake.

Sababu niliyojipa: nawasaidia vijana. Sababu yenyewe: wakilala pale, cherehani itawaamsha, watalalamika, naye atapungukiwa nyota. Sehemu tu ya nyota. Tuwe sawasawa. Mbingu ni shahidi, sikumtakia zaidi ya hapo.

Jioni nimemwona akianika mashuka. Amenipungia mkono. Nikampungia. Nikaingia ndani upesi kama mtu aliyesahau chungu jikoni.

Jumamosi, 9 Machi

Maharusi wamefika kwa jirani. Nimechungulia kupitia tundu la pasi kwenye pazia. Kumbe lina faida.

Jirani amewapokea mizigo kwa mikono yake mwenyewe. Bibi harusi ameingia na chupa ya rangi ya nywele mkononi, mpya, haijafunguliwa.

Nilivaa viatu nivuke nikamwonye. Nikavua. Ningemwambia nini? Kwamba malaika wangu wana mapembe? Nikavaa tena. Mteja akaja na miwani iliyovunjika mkono. Nimemshukuru kuliko anavyostahili mteja yeyote.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika hii mikono ikinuka sabuni.

Jirani ameniita kutoka mlangoni kwake. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Nimevuka. Wageni wameshaondoka. Sakafu ya chumba cha uani ina dimbwi jeusi lililokaukia kwenye saruji. Godoro limelowa. Lakini yeye hakuwa anatazama godoro. Alikuwa ameketi chini, mbele ya beseni, na ndani ya beseni mlikuwa na koti.

Nalijua koti lile. Mtaa mzima unalijua. Alimshonea marehemu mumewe mwaka waliohamia hapa, la kijivu, lenye bitana ya buluu. Marehemu alilivaa mara chache, kwa fahari, akitembea taratibu ili lionekane. Alipofariki, mkewe alilifungia kabatini. Maharusi walimwaga rangi, wakatafuta cha kupangusia, wakalazimisha mlango wa kabati.

Wamepigia deki.

Nimesema pole. Nimesema pole tena. Akasema, bila kuniangalia:

"Sikuwa na moyo nao, jirani. Walivyoongea tu kwenye simu, sikuwa na moyo nao. Halafu nikasoma ulichoandika wewe. Nikasema, kama ni jirani yangu aliyesema, basi. Yeye hawezi kuniingiza shimoni."

Nilifungua kinywa niseme kweli. Nilikuwa nayo kabisa, iko hapa kooni. Kilichotoka ni: "Brashi iko wapi?"

Nimesugua sakafu mpaka magoti yamechubuka. Sakafu imetakata kiasi. Koti halitatakata. Amelikamua, akalianika kwenye kamba, mikono imening'inia kama ya mtu aliyekata tamaa. Nimetoka kwa mlango wa nyuma nisipite mbele yake.

Jumatano, 13 Machi

Jirani amekuja dukani kuniomba ushauri. Mimi! Amesema anataka kuwaandikia wale vijana maoni, ila roho inamsuta. Ni vijana, huenda wanaanza maisha. Na walishaona amekasirika, wakihisi ameandika watamlipizia. Je, anyamaze?

Nimemwambia anyamaze. Nimesema yaliyopita si ndwele. Nimesema mengi, na kwa ufasaha. Ukweli ni kwamba niliona maneno yake yakikaa chini ya yangu: malaika huku, waharibifu huku. Mtu atauliza nani mwongo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Na yule atakayewapokea kesho, jirani? Naye ana kabati lake."

Ameandika hapohapo, amesimama, kwenye meza yangu ya kazi. Nimesoma begani mwake. Hakuna tusi hata moja. Walimwaga rangi. Walifungua kabati lililofungwa. Waliharibu nguo ya kumbukumbu. Hawakuomba radhi. Basi. Mistari minne. Mimi nilihitaji neno malaika na alama ya mshangao.

Ijumaa, 15 Machi

Walimlipizia kweli. Nyota moja. Wameandika kwamba kuna panya, mama mwenyewe ni mkali, na cherehani haiwaachi watu walale. Panya! Nyumba ile hata nzi huingia kwa kupangusa miguu.

Mtandao umemvua beji ya dhahabu.

Mchana nimepata ujumbe. "Hongera! Wewe sasa ni Mwenyeji Bora." Dhahabu, inameremeta, pembeni ya jina langu. Nimeitazama. Nilidhani moyo utaruka. Umekaa palepale ulipokuwa, kama mgonjwa aliyekataa kuamka.

Nimepigia mtandao simu. Nimemwambia binti aliyepokea kwamba nataka kubadilisha maoni niliyoandika. Akasema yakishafunguliwa hayabadiliki. Nikamwambia lakini hayakuwa kweli. Akaniuliza kwa adabu sana: sasa baba, uliyaandika kwa nini?

Simu ikakatika. Niliikata mimi.

Nimempigia dada. Nimemweleza yote, hata ya Alhamisi. Amesema: "Waliosema akili ni nywele walikuwa wanakuangalia wewe, mdogo wangu. Kipara mpaka kisogoni." Amesema nivuke barabara leo hii nikamwambie mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine.

Nimesema kesho.

Jumapili, 17 Machi

Nimechelewa.

Jirani alikuja kuchukua miwani yake ya kushonea, niliyomkazia skrubu. Akasubiri nikiifuta. Akainua macho. Darini kuna doa kubwa, la rangi ya chai, limejichora kama pipa lililopasuka.

Akauliza ni nini hicho. Nikasema mvua.

"Mvua gani, jirani? Tangu mwaka uanze tumeona tone?"

Nikasema bomba. Akauliza lini. Nikasema zamani kidogo. Akaangalia doa, akaangalia ngazi yenye zulia, akaniangalia mimi. Yule ni mshonaji. Akiona uzi umelegea anajua nguo itaachia wapi.

"Kwako pia walimwaga," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Na bado ukaandika vile."

Nikasema ndiyo. Hakuuliza nani aliwaelekeza kwake. Nami sikusema. Hiyo imebaki kwangu, na ni nzito kuliko zile nyingine zote.

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Amevaa miwani, akaivua, akasema imekaa vizuri, asante. Amevuka barabara. Mlango wake ambao hushinda wazi, leo umefungwa.

Alhamisi, 21 Machi

Mlango bado.

Nimemwachia kizingitini taulo mpya mbili. Zimerudi kwangu kabla chai haijapoa, zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja.

Nimefanya kazi vibaya. Nimemwekea mzee mmoja lenzi ya kulia kushoto. Ametoka akipapasa ukuta. Nimemkimbilia barabarani kumrudisha, na nilipokuwa nimemshika mkono nimeona koti la kijivu dirishani kwa jirani. Analifumua. Anaitoa bitana ya buluu, ile haikushika doa. Anafumua polepole, uzi kwa uzi, kama mtu anayeagana.

Nimesimama pale mpaka mzee akaniuliza kama nami sioni.

Jumamosi, 23 Machi

Nimevuka. Nimegonga. Nimesema yote, hata kwamba ni mimi niliyewapa namba yake, na kwa nini. Nilisema nikiangalia miguu yangu. Nilipoinua macho alikuwa anasokota uzi kidoleni.

Akasema: "Kwa ajili ya nyota?"

Nikasema kwa ajili ya nyota.

Amecheka. Si kicheko cha furaha, lakini ni kicheko. Amesema mume wake alikuwa akisema mimi ni mtu mzuri niliyekosa msimamizi. Kisha amesema koti haliwezi kurudi na sisi hatuna mtaa mwingine wa kuhamia, basi. Akataka jambo moja tu. Siku nyingine akiniuliza habari za mgeni, nimwambie kweli. Iwe nzuri, iwe mbaya.

Nimeapa. Nimeapa kwa makaburi ya wazazi. Nimerudi nyumbani mwepesi kama karatasi. Mimi ni mtu mpya. Dada amesema tutaona.

Jumanne, 26 Machi

Chumba cha juu kina mgeni mpya, mwanamke mpima ardhi. Sijapata kuona mgeni kama huyu. Anatandika kitanda mpaka shuka linalia kama ngoma. Anaosha kikombe kabla chai haijafika tumboni. Bafu amelisugua, sikumwomba. Kazi yake na wenzake itachukua miezi mitatu, naye anataka chumba cha kudumu. Nimeshapiga hesabu ya dari mpya.

Asubuhi akaniambia, kwa heshima zote, kwamba ngazi zinamchosha goti, na ameona mama wa ng'ambo ana chumba cha uani, hakina ngazi. Amekwenda kuuliza.

Adhuhuri jirani amevuka. Mara ya kwanza tangu lile doa. Amekaa kwenye kiti cha wateja, amekunja mikono, akaniangalia usoni. Amesema tangu aandikiwe panya hajapata mgeni hata mmoja, na huyu mama anaonekana mtu mwema, lakini ameshaungua, anaogopa. "Niambie kweli, jirani. Nimpokee?"

Nilikumbuka kiapo. Kweli, iwe nzuri, iwe mbaya. Nikatafuta kweli. Nikatafuta sana.

Nikamwambia, kwa masikitiko, kwamba kwenye usafi hapana. Angekuwa yeye ndugu yangu, nisingemshauri ampokee.

Akapumua. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema asante, jirani, safari hii umeniambia mapema. Macho yake yalikuwa na machozi. Ameenda kumkatalia.

Mpima ardhi amerudi, amefungasha, amehamia kwa wenzake ng'ambo ya mto. Chumba kitupu. Cha jirani pia kitupu. Lakini mlango wake uko wazi, na jioni amenipungia mkono kama zamani. Raha iliyoje kuwa mtu wa kweli!

Kesho nitamwandikia yule mpima ardhi maoni yake, bila woga. Na si uongo. Mezani ameacha chembe za mkate. Mbili. Ndogo. Lakini uchafu ni uchafu.