Kibanda Nambari Moja, Mara Tatu

Omwenga hakuwahi kushika kompyuta maishani, lakini ulaji aliunusa hata nyuma ya kioo. Mwaka huo wa 1998 alisimama nyuma ya Jedidah, mpiga chapa wa Migori, aliyekuwa akiandika orodha ya vibanda vya soko jipya la Homa Bay. Kurasa tatu, majedwali matatu: samaki, mitumba, nafaka. Samaki walipofika kibanda cha 10, jedwali la mitumba likaendelea lenyewe na 11.

"Haiwezi kuanza moja tena?" Omwenga akauliza.

"Inaweza. Kompyuta inadhani ni orodha moja tu." Jedidah akabofya. "Nikiiambia ianze upya, kila jedwali linapata moja yake. Lakini orodha ya kamati ya soko haitakiwi hivyo."

Omwenga mate yakamjaa. Kibanda 1 kilikuwa langoni, kila mteja lazima akipite. Kibanda 11 kilipakana na choo.

"Nitolee nakala yangu, dada. Moja, moja, moja. Majina ya juu nitakupa."

"Na mimi?"

"Nitakukumbuka."

Ndugu msomaji, hilo "nitakukumbuka" limelaza wengi njaa! Jedidah akatabasamu tu. Akasema vitu ambavyo Omwenga atapewa avihifadhi katika stoo ya duka lake, kwani kwake Omwenga majirani wangeuliza maswali.

Jumatano Omwenga alikuwa Homa Bay, tai shingoni, akijifanya karani wa kamati. Risper wa samaki aliona jina lake kwenye kibanda 1, akatoa redio. Bonareri wa nafaka akatoa beberu. Nyamongo wa mitumba, mzee wa kanisa, akatoa baiskeli, akaikunja karatasi ndani ya Biblia na kumshukuru Mungu kwa upendeleo.

"Usimwonyeshe mtu," Omwenga alimnong'oneza kila mmoja. "Wivu ni mbaya, omera, rafiki yangu." Jioni vitu vyote vikaingia stooni kwa Jedidah.

Jumatatu, siku ya kugawa vibanda, alikwenda kujionea sinema. Watu watatu walikuwa wamebanana katika mlango mmoja.

"Toka kwangu, mama!" Nyamongo akafoka.

"Kwako wapi? Soma! Moja!" Risper akamjibu.

"Hata mimi ni moja!" Bonareri akalia.

Mwenyekiti wa kamati akauliza karatasi hizo wamezitoa wapi. Nani angesema mbele ya watu kwamba alihonga beberu? Kila mmoja akameza uchungu wake, akaenda kwenye kibanda chake halali. Nyamongo alipangiwa jirani na choo.

Omwenga alicheka njia nzima hadi Migori. Akafika dukani kwa Jedidah, akakuta kufuli. Stoo ilikuwa wazi, ndani kinyesi cha beberu tu. Polisi? Angewaambia vitu ni vya nani?

Mlangoni palikuwa pamebandikwa karatasi iliyopigwa chapa safi, majedwali manne:

1. Redio – Jedidah

1. Beberu – Jedidah

1. Baiskeli – Jedidah

1. Mjinga – Omwenga

Na chini yake, kwa kalamu: "Nimekukumbuka."