Njia ya Vua-Viatu Yapata Baba

Ebo Quainoo alikuwa juu ya ngazi ya kuazima, msumari mdomoni, akifunga ncha ya pili ya kitambaa kwenye paa la Maame Araba. Kitambaa kilivuka njia kutoka ukuta hadi ukuta, na maandishi yake mekundu yalisomeka kwa mbali: HALMASHAURI YAKO INAKUSIKILIZA. LEO WANANCHI WANAIPA NJIA YAO JINA. Lilikuwa tukio la kihistoria. Taarifa ya ofisi ilisema hivyo, na Ebo, Afisa wa Ushirikishwaji wa Umma, ndiye aliyeiandika.

"Afisa," Maame Araba alimwita kutoka chini, "umepima kimo cha nani?"

"Cha mtu, Maame. Nilisimama mwenyewe nikajipima."

"Mtu asiye na kitu kichwani."

Ebo akatazama. Maame Araba alikuwa na karai la kenkey kichwani, madonge ya unga wa mahindi yaliyofungwa vizuri kwa majani ya mgomba, na kitambaa kilikuwa kinagusa karai lake. Akakunja magoti, akapita chini yake taratibu kama anayemwamkia chifu, akainuka upande wa pili.

"Si kitu," alisema. "Mtatusikiliza tukiwa tumepiga magoti."

Njia ile haikukosa jina. Mji mzima uliiita Vua-Viatu. Mtaro wake ulikuwa umeziba miaka mingi, na mvua ikinyesha tope lilijaa ukuta kwa ukuta, mpitaji akavua viatu akavishika mkononi. Nyumba ya Maame Araba ilikuwa bondeni kabisa. Maji yaliingia jikoni kwake, yakazima moto, yakalowesha unga aliouchachusha kwa siku kadhaa, na siku hiyo kenkey hakuna. Alikuwa ameenda Halmashauri mara nyingi. Mara zote alipewa kiti, akaelezwa kwa upole kwamba mitaro husafishwa kwa jina la njia, na Vua-Viatu si jina linalotambulika. Njia isiyo na jina haina mtaro. Ina shimo refu tu.

Ebo aliona mantiki ya jambo hilo. Mgonjwa asiye na jina utamwitaje kwa daktari?

Basi watu wakakaa kwenye viti vya plastiki, na mashauriano yakafunguliwa. Utaratibu ulikuwa mzuri: anayetoa maoni anapewa chupa ya maji na biskuti.

Kobina, kinyozi, alisimama na mashine yake ya kunyolea mkononi. "Iiteni Vua-Viatu. Hata mtoto wa jana anaijua."

"Asante, ndugu. Maoni yako yamepokelewa. Ila jina hilo halina taswira ya maendeleo."

"Na njia nayo haina."

"Biskuti yako hii hapa."

Mwingine akataka jina la marehemu mkunga aliyewazalisha nusu ya wanawake wa pale. Likapokelewa. Mwingine akataka jina la mbwa wake aliyezama mtaroni. Nalo likapokelewa. Ebo hakumdharau mtu. Nyuma yake kulikuwa na nguzo mpya, na juu ya nguzo kitu kimefunikwa gunia.

"Afisa," Kobina aliuliza huku anatafuna, "hicho cha guniani ni nini?"

"Matokeo ya mashauriano."

"Mashauriano yapi?"

"Haya."

"Haya tunayofanya sasa hivi?"

"Rangi inahitaji muda wa kukauka, ndugu yangu."

Upepo wa mvua ulipita, gunia likaanguka. NJIA YA BENTSIL-OTOO. Josiah Bentsil-Otoo alikuwa Mkurugenzi wa Halmashauri.

Ebo alikuwa ametayarisha kauli ya kutuliza ghasia, akaishika tayari. Kobina alikuwa anavuta pumzi ya kuanza ghasia zenyewe, lakini Maame Araba akamshika shati akamkalisha.

"Mkurugenzi amekubali jina lake litumike?" aliuliza.

"Kwa unyenyekevu mkubwa, Maame. Amelipendekeza mwenyewe."

"Basi tunashukuru. Lakini jina halipigiliwi misumari likatosha. Sisi ni watu wa hapa, na wewe ni mtoto wa hapa. Njia imezaliwa leo. Siku ya nane, alfajiri, tunaitoa nje kama mtoto yeyote, na mwenye jina awepo."

Ebo akapeleka habari kwamba wananchi wameomba sherehe. Mkurugenzi alifurahi sana. Aliuliza swali moja tu, kama mpiga picha atakuwepo.

Siku ya nane Mkurugenzi alifika kabla ya jua, amejifunga nguo nyeupe begani kama wanavyovaa wanaume wa Kifante siku za furaha. Maame Araba alikuwa na bakuli la maji na glasi ya jin, pombe kali ya dukani. Akachovya kidole, akadondosha tone la maji katikati ya njia, kisha tone la jin.

"Ukisema maji, yawe maji," aliiambia njia, kama anavyofundishwa mtoto kusema kweli. "Ukisema jin, iwe jin."

Kisha akageuka. "Ampaye mtoto jina ndiye baba yake. Huyu nani anampa jina?"

"Mimi!" alisema Mkurugenzi, uso kwenye kamera.

"Mmesikia?"

"Tumesikia!" njia nzima ikajibu.

Ebo alifungua mdomo, lakini mpiga picha alimwambia atabasamu, akatabasamu. Alijua anachojua kila mtu pale. Mwanamume anaweza kukwepa, kusafiri, hata kusema simjui mwanamke huyo. Ila akishatoa jina mbele za watu, mtoto ni wake: nguo zake, homa zake, na ujinga wake pia. Mkurugenzi naye aliyajua hayo. Hakuwaza tu kwamba njia inaweza kushikwa na homa.

Mvua ilinyesha mchana ule ule.

Asubuhi iliyofuata wanawake wa njia walifika getini kwa Mkurugenzi, kila mmoja na karai la tope kichwani, Maame Araba mbele. Mlinzi akauliza shida yao.

"Mtoto amekuja kumwona babake."

Wakayapanga makarai kando ya gari, kwa adabu, wakamsalimia mke wa Mkurugenzi na kumpa kenkey za moto. Mkurugenzi akatoka na mswaki mdomoni.

"Maame, nini hiki?"

"Mwanao, Egya," alisema, akimwita baba kwa Kifante. "Tumbo limefunga. Halipitishi kitu."

"Mpelekeni Halmashauri!"

"Mtoto hapelekwi kazini kwa babake. Anapelekwa nyumbani."

Siku ya pili walikuja tena, na ya tatu. Kanisani wanawake wenzake walimwuliza mke wa Mkurugenzi, kwa huruma, mtoto anaendeleaje. Alirudi nyumbani, akasema kabla hajavua hata kitambaa cha kichwa:

"Josiah, mji unasema unamkataa mtoto."

Mkurugenzi aliagiza mtaro usafishwe mara moja. Mhandisi akamkumbusha kwa heshima kwamba njia mpya huingia kwenye ratiba baada ya kikao kijacho cha baraza, na kwamba kanuni hiyo ina sahihi ya Mkurugenzi. Ndipo akamwita Ebo.

"Quainoo, nadhani heshima hii niliipokea kwa haraka. Fanya mashauriano mapya. Humu humu ofisini. Naibu wangu ni mtu aliyejitolea sana."

Ebo alichukua daftari lake, akapita mlango kwa mlango. Naibu alisema hastahili, akafunga mlango. Mhandisi alisema kwao wana mila nyingine. Mhazini alisema jina lake ni refu mno kwa bango dogo kama lile. Yalikuwa mashauriano ya kwanza katika kazi ya Ebo ambayo hakujua majibu kabla ya kuuliza, na aliyaona ya kuvutia.

"Maoni ni ya kauli moja, Mheshimiwa," aliripoti.

Jumamosi Mkurugenzi akaja njiani. Taarifa iliiita ziara ya kikazi. Ebo alimfuata na masepeto mawili. Pale mwanzo wa njia wakasimama. Tope lilikuwa linawatazama. Mkurugenzi alitazama viatu vyake vyeusi vilivyong'arishwa, akatazama kulia na kushoto, kisha akainama akavivua.

Hapakuwa na mahali pakavu pa kuviweka. Ebo alifunga kamba za viatu pamoja, akavitundika kwenye bango la jina.

Walichimba. Kobina aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa ili aone vizuri. "Upande wa huko bado, Egya! Shika sepeto chini kidogo, hicho si kipaza sauti!" Jua lilipokuwa kali walikuwa wamefika mlangoni kwa kinyozi, na maji yaliyolala yakaanza kusogea polepole, kama yasiyoamini.

Mkurugenzi alishika kiuno. "Inatosha sasa, Maame."

"Kwa leo," alisema Maame Araba. "Jiko langu liko kule chini."

Mkurugenzi alitazama kule chini. Mtaro uliobaki ulikuwa mrefu kuliko uliochimbwa, na mawingu yalikuwa yanarudi. Akalichomeka sepeto kwenye tope, likasimama wima pale walipoishia.

Teksi ikasimama barabarani, dereva akatoa kichwa. "Jamani, Njia ya Bentsil-Otoo ni ipi?"

"Hiyo yenye viatu vilivyotundikwa," Kobina akamwonyesha.

Dereva alitazama bango. Viatu vilikuwa vimefunika jina lote.

"Aa, Vua-Viatu! Si ungesema mapema."

Maame Araba alileta maji ya kunawa, akammiminia Mkurugenzi miguuni mwenyewe.

"Kesho uwahi, Egya, kabla jua halijakaza," alimwambia. "Na huyu Afisa aje na ngazi. Kitambaa chake bado kinatuinamisha."